Mpaka Paa Lipande

4 Februari

Kwa mke wangu mdogo, mwanafunzi wa uuguzi,

Salamu nyingi, gawana na wenzako wa bwenini maana ukizila peke yako utavimbiwa. Mimi mzima. Kama kuna ugonjwa unanitafuta basi umekosea nyumba. Mjomba wako yupo, mke wake yupo, mbuzi yule mweupe amezaa pacha na wote wamesimama. Mke mwenzio anakusalimu, anasema umekonda. Nikamuuliza bibi wewe umemwonea wapi, anasema amekuona kwenye mwandiko.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, usidhani nimetafuta mtu. Kisomo cha watu wazima nilimaliza nikiwa mbele ya wote, hata mke wa mwalimu alikuwa nyuma yangu, na mwalimu mwenyewe angekuwa hai angekwambia.

Sasa jambo lenyewe. Kituo cha afya kinajengwa. Si maneno ya mkutanoni tena, kinajengwa. Pale malishoni kwa mke mwenzio, pale alipoachiwa na baba yake, penye majani marefu ulipokuwa unajificha kazi za asubuhi, ndipo walipopima. Majani yamefyekwa, msingi umechimbwa, ukisimama mlangoni kwetu unaona udongo mtupu mpaka barabarani. Mbuzi wanakuja mpaka ukingoni wanasimama, kama wapangaji waliobadilishiwa kufuli.

Mke mwenzio ndiye aliyesimama mkutanoni akasema eneo chukueni, ila mjenge na chumba cha kuzalia, nisione mwingine anakwenda kama alivyokwenda mwanangu. Mimi nikasimama baada yake nikasema nimekubali. Kuna wapuuzi wananiambia, mzee, si eneo la mke wako lile? Nawajibu, na mke ni wa nani?

Nimechaguliwa msimamizi kwa upande wa wananchi. Fundi mkuu ametoka mjini, amesoma chuo, ana kamba na kipimo cha maji, lakini kukicha lazima aniulize mimi nani kaleta mawe na nani kakwepa. Nikiondoka pale, panabaki mashimo.

Miguu ya mke mwenzio imenenepa kidogo. Viatu vilimbana nikavipasua nyuma kwa kisu, kazi safi, sasa anavivuta kama malapa. Uzeeni amepata miguu ya tajiri. Nimemwahidi kitanda cha kwanza cha kituo ni chake, kwa heshima ya eneo. Na nesi utakuwa wewe. Hili nimeshalitangaza kijiji kizima, usije ukaniaibisha.

Barua nampa dereva wa lori la saruji. Anakuja saruji ikiisha, na akirudi anapita karibu na chuo chenu. Ukijibu mpe yeye. Posta sitaki, posta ina miguu ya kobe.

Mumeo mzee,
Msimamizi


27 Februari

Babu yangu, mume wangu uliyejichagua,

Shikamoo, na mke mwenzangu mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako. Barua yako tumeisoma bweni zima, sasa kuna wasichana wanataka kuja kukuona. Nimewaambia una meno machache kuliko unavyojisifu.

Mimi mzima. Asubuhi tuko wodini, mchana darasani. Nimehamishiwa wodi ya wanawake na nimejifunza kutandika kitanda mgonjwa akiwa bado juu yake. Hongera kwa msingi. Nimejaribu kuyaona malisho yale bila majani nikashindwa.

Kuna jambo nataka unijibu bila mzaha. Miguu ya bibi. Mkalishe, mbonyeze kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, shikilia taratibu, kisha toa kidole. Panabaki shimo? Na akipanda kutoka kisimani anasimama njiani kupumzika? Anakohoa akilala? Niandikie hayo matatu kwanza, saruji iwe baadaye.

Kuhusu mimi kuwa nesi wa hapo, tuache kwanza. Mtihani wa mwisho ni mwezi wa sita.

Nimefunga na barua hii kandambili pana za bibi. Usizipasue.

Mjukuu wako


19 Machi

Mke wangu mdogo,

Nimepokea barua na kandambili, zimemtosha, anatembea nazo zinapiga makofi uani, anakusalimu. Sote tupo. Mjomba wako anakohoa lakini huyo ni tumbaku. Pacha wa mbuzi wameanza kupanda ukuta wa kituo, nimewachapa.

Ukuta umefika juu ya madirisha. Ungeona. Madirisha makubwa kama ya kanisa, fundi mkuu anasema mgonjwa anahitaji hewa. Nilimpinga, nikamwambia mgonjwa anahitaji joto, tukabishana mbele ya watu na mimi nikashinda, ila madirisha yamebaki kama alivyotaka yeye.

Umesema nisikujibu kwa mzaha. Haya. Nimebonyeza. Shimo limebaki, kama unavyobonyeza tofali bichi. Mke mwenzio akasema niache, mimi si udongo wako. Basi tumeshajua, na shimo la kidole halijaua mtu. Kisimani haendi, nimemkataza, mke wa mjomba wako anachota. Mke wa msimamizi hawezi kubeba ndoo. Kikohozi ni vumbi la ujenzi, wote tunakohoa.

Sasa nikupe siri ya watu wazima, ingawa wewe ni mke mwenza na wivu utakushika. Mapenzi yamerudi. Mwanamke huyu tangu ujana ananipa mgongo kitandani, anasema nakoroma. Siku hizi hataki kulala chini kabisa. Anakaa, ananiegemea kifuani, hapo ndipo anapopata usingizi. Na mimi nimeegemea ukuta kama gunia mpaka kunakucha. Mgongo unaniuma asubuhi hadi jioni, lakini nani atalalamika na neema kama hiyo? Hata ubishi umekwisha. Juzi nilisema mvua za mwaka huu zitachelewa, akasema ndiyo. Neno hilo sijalisikia kwake tangu tuoane.

Soma sana. Kitanda chake nimeshachagua kitakapokaa, ni cha dirishani, upande anaoweza kuona nyumba yetu.

Mumeo,
Msimamizi


2 Aprili

Babu, shikamoo.

Leo utani umenishinda, nivumilie. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Niliposoma tena nikakaa chini.

Hayo siyo mapenzi, babu. Au mapenzi yapo, lakini siyo yanayomkalisha. Bibi akilala chali maji yanamjaa mapafuni, anakosa hewa. Moyo wake umechoka kusukuma damu. Ndiyo maana miguu imejaa, ndiyo maana anakohoa, na ndiyo maana hakubishii. Hana pumzi ya kukubishia.

Wagonjwa kama yeye ninao hapa wodini. Wanakuja wamebebwa, wanapewa dawa, maji yanatoka, baada ya siku chache wanatugombeza kwa sababu uji umepoa. Lakini lazima daktari amwone. Nimeomba nipewe dawa nitume, wamekataa, wanasema dawa hii bila kumpima mtu inaweza kumuua.

Nimezungumza na dereva. Atampandisha mbele, ataketi, hatalazwa. Nimempa mto wangu. Wakitoka kwenu alfajiri, jioni wamefika, nami nitakuwa nimesimama getini.

Najua ile njia, babu. Najua mama yangu alifia njia ile akipelekwa hospitali, na mimi nikazaliwa kando ya barabara. Wewe hujawahi kunisimulia, alinisimulia bibi. Lakini siku ile ilikuwa machela na mabega ya watu. Hili ni lori.

Mpandishe. Tafadhali.

Mjukuu wako


16 Aprili

Kwa mke wangu mdogo mwenye hasira,

Salamu. Tupo, mvua zimeanza, mahindi yamesimama vizuri.

Lori nimelirudisha. Usitupe barua, soma mpaka chini.

Dereva wako nimempa mayai ya kuondoka nayo. Mtu mwema ila anaongea kama cherehani. Nimemweleza, nakueleza na wewe. Linta imemwagwa, ule mkanda wa zege unaozunguka jengo lote juu ya madirisha. Baada ya linta ni paa. Baada ya paa vitanda vinaletwa, viko mjini tayari kwenye maboksi, fundi mkuu ameviona kwa macho yake. Na daktari anakuja na dawa zake. Sasa kwa nini nimbebe mtu kwenye makorongo yale kumpelekea daktari ambaye anakuja mwenyewe? Ni kumfuata mgeni njiani na huku ameshafika mlangoni. Mimi na mke mwenzio tumekubaliana hivyo.

Na njia ile usinifundishe. Naijua kuliko dereva wako. Juu ya njia ile sina neno lingine.

Jambo moja tu linatuchelewesha. Chini ya linta kuna nguzo za miti zinazobeba mbao mpaka zege lishike. Fundi mkuu anasema zisiguswe, zikae karibu mwezi, na kila siku zege limwagiwe maji. Mwezi mzima. Anaogopa zege kama mtu anavyomwogopa mkwe. Nyumba unayoijua wewe nimeijenga mimi, na jiko, na zizi, na kuta zake zilikauka kwa jua la siku mbili, na mpaka leo ukizipiga teke unaumia wewe. Jua ni lilelile. Nitamharakisha.

Mke mwenzio anakusalimu. Mto wako ameubakiza, ameshauegemea.

Mumeo,
Msimamizi


5 Mei

Babu,

Shikamoo. Salamu kwa wote.

Dereva amenieleza alichokiona. Anasema alilala kwenye lori, na alfajiri alipokuja kumchukua, bibi alikuwa ameketi kwenye kibao nje, amevaa gauni lake la kutokea, furushi liko mapajani. Anasema wewe ulimzungusha jengo zima ukimwonyesha linta, mkarudi, ukainama ukamwambia bibi maneno. Bibi akasimama akaingia ndani ameshika ukuta. Kisha ukamletea dereva mayai.

Ulimwambia nini?

Uliniandikia mmekubaliana. Mtu aliyekubali kubaki hafungi furushi.

Mimi mwenyewe nimekwenda kwa matroni kuomba ruhusa. Amesema nikiondoka sasa narudia mwaka mzima. Nimelala nayo siku mbili hiyo habari. Mtihani unaisha tarehe 26 mwezi wa sita, baada ya hapo hakuna wa kunizuia. Nitakuja na lori nimchukue mwenyewe, nitamshika njia nzima. Msomee bibi sehemu hii. Mwambie anisubiri.

Kwa sasa chakula chake kisitiwe chumvi. Maji kidogo kidogo. Miguu iinuliwe akiwa ameketi. Na akianza kubadilika rangi ya midomo usingoje lori langu, simamisha gari lolote.

Mjukuu wako


14 Juni

Kwa mwanafunzi wetu,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Barua yako niliipata siku lori lilipokuja na mkaguzi wa majengo, na tangu siku ile lori halijakanyaga hapa mpaka leo, ndiyo maana umeniona kimya. Hakukuwa na wa kumpa.

Huku mvua zimekatika. Mahindi ya mwaka huu yamebeba, watu wanakuja kuyaangalia. Mjomba wako amenunua baiskeli ya mtumba, breki haina, anashuka mlimani miguu ikiburuta chini. Pacha mmoja wa mbuzi alipotea tukampata kwa jirani, jirani anaapa alijipeleka mwenyewe.

Kituo kilisimamishwa. Linta ilipata ufa, juu ya dirisha kubwa ikashuka katikati kama kamba ya nguo. Mkaguzi akasema ivunjwe yote, imwagwe upya, na mpaka wakubwa wajadiliane hakuna kugusa kitu. Mimi nasema ni saruji, saruji ya siku hizi imechanganywa na majivu. Leo lori limeleta saruji mpya na vyuma, wameruhusu tuanze tena. Nyundo zinalia tangu asubuhi wanavunja. Usimamizi nimemwachia kijana mmoja, nina mambo mengine.

Mimi mzima. Mgongo umepona.

Wewe fanya mtihani wako. Usiangalie kushoto wala kulia. Hata ukisikia nini, kwanza maliza.

Babu yako


27 Juni

Babu, shikamoo.

Mtihani umeisha jana. Barua yako dereva alinipa siku chache kabla sijaanza. Niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, nikafanya mtihani.

Leo nimeitoa. Umenipa habari za mvua, mahindi, baiskeli na mbuzi. Umenipa na habari za jirani. Bibi hayumo. Hakuna barua uliyowahi kuniandikia bila mke mwenzio kunisalimu, hata ile ya zamani uliyoandika mkiwa mmegombana alinisalimu.

Na umeandika mgongo wako umepona. Babu, mgongo wako umeponaje?

Ruhusa yangu inaanza wiki ijayo. Dereva anatangulia leo na saruji, atanirudishia jibu. Andika hata mstari mmoja. Sitaki kufika mlangoni nikabisha hodi, halafu nikasimama pale nasubiri sauti yake.

Mjukuu wako


30 Juni

Mjukuu wangu,

Ukifika usibishe hodi. Ingia tu.

Bibi yako alituacha mwishoni mwa mwezi wa tano. Ilikuwa asubuhi, kumekucha kabisa, ameniegemea vilevile. Niliona kifua chake kimetulia nikajua leo amepata usingizi mzuri, nikakaa nisitikisike, hata mguu ulikufa ganzi sikuusogeza. Mke wa mjomba wako alipoleta uji ndiye aliyenishika bega akasema, baba, mlaze.

Tumemzika karibu na mama yako. Alisema usiambiwe mpaka umalize mtihani. Alisema kwa mdomo wake, silitungi mimi. Ile barua yako nilimsomea herufi kwa herufi, ilinichukua mchana mzima, nilipofika pale ulipoandika akusubiri akasema, haya, nitamsubiri. Kila asubuhi akawa anauliza mambo mawili, paa bado? mtihani bado? Nami namjibu karibu.

Umeuliza nilimwambia nini siku ya lori. Alikuwa ameshakubali kwenda. Furushi alilifunga mwenyewe. Nilipoona lori limesimama pale barabarani nikaiona ile machela. Mama yako nilimbeba mimi, upande wa kichwa, nilikuwa namsikia. Halafu akawa hasikiki na sisi bado tunatembea. Basi nikainama nikamwambia bibi yako, mama, subiri kidogo tu, mpaka paa lipande, safari hii daktari ndiye atakayekuja. Miaka yote niliyoishi naye mwanamke yule hakuwahi kunitii. Siku ile alinitii.

Nguzo nilizitoa mimi. Fundi mkuu alikuwa amekwenda msibani kwao. Niliona siku zinakwisha. Niligonga ya katikati ikaanguka, zege likabaki juu, nikawacheka waliokuwa wanaogopa, tukatoa zote. Ufa ulitoka baada ya siku mbili. Dereva labda ameshakwambia. Kama hajakwambia basi umesikia kwangu.

Babu yako


18 Septemba

Babu, shikamoo.

Natumaini mmeamka salama na mjomba ameweka breki.

Nimefaulu. Ningependa kukuandikia hilo kwa furaha lakini nimeliandika hivyo tu.

Zile siku nilizokaa kwenu hatukuzungumza. Ulinionyesha mahindi, ulinionyesha chuma kipya cha linta, ulinipa mbuzi nikamue. Jioni unakaa kwenye kibao upande wako, upande mwingine unauacha wazi, na mimi nikaketi chini. Nilikuwa nakuchukia, babu. Ulijua, ndiyo maana ulikuwa unatoka mapema kabla sijaamka. Mke wa mjomba aliniambia ulikuwa unakwenda kaburini na kopo la maji, unamwagia udongo usipasuke. Hata hilo lilinikasirisha.

Niliporudi huku nikaendelea kutafuta wa kumlaumu, na wewe umenirahisishia kazi kwa ukaidi wako. Lakini wodini sasa nina mgonjwa wa moyo, mwanamke mzee, nikimgeuza ananiuliza, binti, mjukuu wangu hajafika? Namwambia atafika. Namwambia subiri. Juzi nilipolisema hilo neno nikatoka nje ya wodi.

Wewe ulimwambia asubiri paa. Mimi nilimwambia asubiri mtihani. Angekuwa na mmoja wetu angebishana naye. Tulikuwa wawili, tukamshinda.

Waliniuliza nataka kupangiwa kazi wapi. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Jina la kijiji chetu sikuliandika. Wamenipeleka mbali zaidi ya hapa, naanza mwezi ujao. Usiniulize kwa nini, na uliowatangazia wajibu unavyojua.

Dereva anasema imebaki safari moja tu ya huko, ya vitanda. Anuani yangu mpya ya posta nimeiandika nyuma.

Mjukuu wako


22 Novemba

Mjukuu wangu,

Barua hii inakuja kwa posta. Nimekwenda nayo kwa miguu mpaka sokoni, karani akaniuliza nani kaandika anuani vizuri hivi, nikamwambia ni mtu mmoja tu.

Mjomba wako yupo, breki ameweka baada ya kuingia kwenye banda la kuku la watu. Mke wake ana mimba, hilo ulikuwa hujui. Mahindi yako ghalani. Nakula, nalala.

Kwamba hukuliandika jina la kijiji, sikuulizi. Walioniuliza mimi nimewaambia umepangiwa hospitali kubwa, wenye vituo vidogo watasubiri. Wameamini.

Kituo kimefunguliwa. Alikuja mkubwa mmoja na gari lenye vioo vyeusi, akahutubia mpaka watoto wakalala. Paa linang'aa, ukiwa mlangoni kwetu asubuhi huwezi kulitazama. Walitaka mimi nikate utepe. Nikasema mkono unatetemeka. Hautetemeki. Walimpa mkunga akakata yeye, na nadhani bibi yako angependa hivyo. Kitanda cha dirishani kimetandikwa shuka jeupe. Wiki ileile kikapata mtu, mke wa yule jirani wa mbuzi, alijifungua mtoto wa kike usiku, asubuhi nikamwona anarudi kwake kwa miguu na mtoto mgongoni, anatembea polepole katikati ya njia kana kwamba ni jambo la kawaida. Nilisimama nikamtazama mpaka akaingia kwake.

Kesho yake na mimi nikaenda nikapanga foleni. Siumwi kitu. Sijui kwa nini nilikwenda, nilijikuta nipo kwenye benchi na wenzangu wenye vikohozi. Nesi ni binti wa umri wako. Akaniita ndani akasema, babu, unasumbuliwa na nini? Nikakosa neno. Mimi. Akasema basi vua shati tukusikilize.

Akaweka kile chuma cha baridi kifuani. Akasema vuta pumzi, nikavuta. Akasema achia, nikaachia. Akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, hana haraka, kazi yake anaijua. Kisha akavua vile vya masikioni akacheka, akasema, babu, huu moyo ni wa kijana, mapafu safi, mguu hauna hata dalili ya kuvimba, wewe utaishi mpaka utuchoshe. Walioketi mlangoni wakasikia, wakacheka na wao, mmoja akasema mzee sasa tutalala wapi kwa majivuno yako.

Zamani ningetoka pale nikalitangaza mpaka sokoni. Nilivaa shati, nikapita mlango wa nyuma, nikazunguka kwa chini pale palipobaki majani kidogo. Nyumbani wakaniuliza wameona nini. Nikasema hawajaona kitu.

Nimekwambia wewe tu.

Babu yako